Cherehani Iliyorudishwa Mara Mbili

Habari za kifo cha Mama Kabugho wa Bwera zilinifikia kwa redio, kati ya tangazo la ng'ombe aliyepotea na tangazo la sabuni. Nilikuwa nanyoa ndevu. Nilisimama na povu usoni nikijaribu kuhuzunika kama mtu mzima, lakini iliyonijia ilikuwa sauti yake akiuambia umati wa soko kwamba mama yangu angezaa mbuzi ingekuwa afadhali. Mwanamke huyo alinichukia miezi mingi, na alikuwa na sababu. Mimi pia nilimchukia, bila sababu, na chuki ya namna hiyo ndiyo rahisi zaidi kuitunza. Nilimaliza kunyoa, nikamwambia mke wangu kwamba naenda Bwera kuzika, na aliponiuliza marehemu alikuwa nani kwangu niliendelea kutafuta viatu.

Nitaruka habari za ukoo wangu. Wasomaji wa vitabu kama hiki wamekwisha kusoma vya kutosha kuhusu mababu waliokuwa wawindaji hodari, na wangu hawakuwa hodari hata kidogo. Nianze na meza. Ilikuwa Kasese, nyumbani kwa Mwalimu Ezironi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati askari walikuwa wengi na sukari ilikuwa adimu. Meza yenyewe ilikuwa mlango wa darasa uliolazwa juu ya matofali, na maandishi "Darasa la Pili" yalikuwa bado juu yake kwa rangi nyeupe, hivi kwamba sahani yangu ilikaa siku zote juu ya neno "Pili". Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza sekondari, nangoja matokeo. Nilikuwa nimeokoka miezi minne kabla, katika mkutano wa hadhara, kwa machozi mengi, na Mwalimu alinichukua nyumbani kwake pamoja na vijana wengine watano ili atufundishe kazi moja tu: kuwafanya watu wengine wafuasi. Mwalimu hakutaka wasikilizaji. Wasikilizaji, alisema, hata kunguru anawapata. Alitaka mtu ambaye ukimwambia neno leo, kesho unalikuta limefanyika.

Kila Jumatatu saa kumi tulikaa kuzunguka mlango ule, na kila mmoja alisimama akamtaja mtoto wake wa kiroho: nani amemleta, amemfundisha nini, mtoto amefanya nini. Masereka, niliyelala naye chumba kimoja, alikuwa na watoto wa kiroho hadi mgodini Kilembe. Alikuwa mnene, mwema na mwenye subira, na sikuweza kumvumilia. Alfajiri aliniombea kwa sauti, akinitaja kwa jina, futi tatu kutoka kitandani kwangu, nami nilijifanya nimelala huku nikimwombea mafua. Zamu yangu ilipofika nilisimama na kusema kwamba bado napanda mbegu. Nilipanda mbegu miezi mitano. Mke wa Mwalimu, Mama Eseza, alikuwa akitupikia ngege walioletwa kutoka Hamukungu, na aliponiwekea changu alikuwa akisema bila kuniangalia, "Bwambale, leo tena samaki wangu ameliwa na mkulima asiyevuna." Wenzangu walicheka. Mwalimu hakucheka, wala hakumkataza.

Katika daftari zetu somo la kwanza halikuwa sala. Lilikuwa na kichwa kimoja, Kurudisha. Mtu akikuambia ameokoka, Mwalimu alisema, usimwimbie. Muulize amerudisha nini. Kila mtu amechukua kitu cha mwenzake, na dini yake inaanza siku anapokirudisha mkononi mwa mwenyewe, mbele ya watu, na kulitaja kosa kwa jina lake bila kulipaka asali. Yeye mwenyewe alikuwa amerudisha jembe alilomwibia shemeji yake miaka ishirini nyuma, na shemeji alimpiga nalo mguuni. Alituonyesha kovu kama wengine wanavyoonyesha cheti. Mtoto wa kiroho akienda kurudisha, ilikuwa lazima baba yake wa kiroho aende naye. Niliandika yote kwa wino wa bluu, nikapigia mistari. Nimefundisha chuo kikuu karibu robo karne tangu siku hizo na sijawahi kuona daftari nadhifu kama lile, wala mwanafunzi asiyeelewa anachoandika kama mimi.

Alhamisi nilitumwa kambi ya askari. Walikuwa watu wa kila pembe ya nchi, na wake zao walipika nje ya nyumba za bati zilizopangwa kwa mistari, kila moshi na harufu ya kwao. Mimi nilikuwa na Kiswahili cha vitabu na nilikionea fahari. Nilisimama karibu na bomba la maji nikaanza, "Ndugu zangu wapendwa, laiti mngalijua." Mwanamke mmoja aliyekuwa akisonga ugali aliinua mwiko akaniambia, "Wewe, sema kama mtu." Askari walinipa majina. Sajini mmoja mwembamba, ambaye mfuko wake wa shati ulijaa karanga siku zote, alizoea kunirushia maganda moja moja, akilenga Biblia. Mara mbili nilifukuzwa na mbwa, na mara ya pili nina hakika mbwa alitumwa. Siku za soko nilikwenda Bwera kwa lori, na huko mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana nilikuwa nimechagua kuhubiri mbele ya baraza la Mama Kabugho.

Alikuwa mjane, mshonaji, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Baraza lake lilikuwa mahali pazuri pa kuhubiri kwa sababu wateja walisimama hapo. Baada ya mimi kufika, waliacha kusimama. Alinimwagia maji ya kunawa, kisha maji ya kuoshea sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akipanda daraja kila juma. Binti yake Biira, wa umri wangu, aliniambia kwamba sauti yangu inagandisha maziwa. Nilichokiona, na sikukifikiria, ni kwamba mshonaji huyo alishona kwa sindano ya mkono. Magauni mazima, mashati ya shule, mshono kwa mshono, na ncha za vidole vyake zilikuwa zimetoboka kama chujio. Siku moja, mbele ya watu, nikiwa nimeishiwa na mahubiri, nilimshauri aache uvivu anunue cherehani. Alikata uzi kwa meno. Kisha akasema kwa upole ambao ulipaswa kunitisha, "We mutoto, iko siku utakufa vibaya."

Mfuasi wangu alinipata yeye, si mimi niliyempata. Alikuwa Koplo Onzima, mtu wa Nile Magharibi, mrefu, mzito wa mwendo, mwenye masikio madogo kuliko kichwa. Alhamisi moja alikuwa ameinama juu ya beseni akifua suruali za kazi, na nilipokuwa nakusanya vitu vyangu kukwepa karanga, aliniita.

"Kijana ya Yesu, kuja hapa."

Nilikwenda nikiangalia mbwa.

"Hii maneno yako ni mingi. Kila Alhamisi unasema, unasema, halafu unaenda. Mimi ni askari. Mtu akitaka nifanye kitu, anatoa amri. Sasa amri yako iko wapi?"

"Si amri, ndugu," nilisema. "Ni neema."

"Hiyo sijui. Sema ile ya kufanya."

Nilifungua daftari, kwa kuwa kichwani hapakuwa na kitu. "Rudisha ulichochukua," nilisoma.

"Kwa nani?"

"Kwa kila uliyemnyang'anya."

Akaacha kufua. Wakati ule alikuwa akisimama mara nyingi kwenye kizuizi cha barabara ya Bwera, kuelekea mpaka wa Zaire. "Yote?"

"Yote."

"Na nikirudisha nasema nini?"

"Unalitaja kosa kwa jina lake. Lote, bila kuficha kitu."

Aliikamua suruali mpaka tone la mwisho, akaitundika kwenye waya, akanyoosha mikunjo yake kwa kiganja. Kisha akasimama wima mbele yangu, mimi niliyekuwa na shati lenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine. "Sawa, afande," akasema. Hakuna mtu aliyewahi kuniita afande. Nilifurahi kiasi kwamba nilisahau kusali naye.

Alianza Jumamosi ile ile. Tulikwenda Karusandara kurudisha baiskeli. Mwenye baiskeli alimwona koplo akija na sare, akiisukuma baiskeli ile ile, na alipotea ndani ya mahindi. Mke wake aliapa kwamba hajawahi kuolewa. Koplo alisimama uani akaungama mbele ya mwanamke, watoto na bata, akitaja siku, mahali na kofi alilompiga mwenye baiskeli, kisha akaiegemeza kwenye ghala. Tulipopita baada ya majuma mawili ilikuwa bado pale pale, imenyeshewa, na maboga yameanza kuipanda. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Kule Ibanda koplo alikuwa na deni la mbuzi, na kwa kuwa mbuzi mwenyewe alikwisha kuliwa, alimpeleka mwingine. Mzee mwenye mbuzi alimpokea kwa magoti, akakimbia ndani, akarudi na kuku wa kumshukuru afande kwa kutomwua. Koplo alikataa kuku. Mzee alidhani ameona kuku ni mdogo, akaleta wa pili. Tulibishana hapo mpaka jua likatuchoma, na mwishowe tuliondoka mbio, kuku wakitupwa nyuma yetu.

Mtu mwenye akili angejifunza kitu. Angeona watu wakikimbia, wakipiga magoti, wakiapa kwamba hawana mume, na angejiuliza kurudisha kwetu kunaonekanaje kutoka upande wa pili. Mimi nilikuwa naandaa taarifa ya Jumatatu. Nilisimama mezani nikasimulia baiskeli na mbuzi, na kwa mara ya kwanza Mama Eseza aliacha kuosha vyombo akasikiliza. Masereka alisema, "Bwana asifiwe," kwa sauti ya mtu aliyemeza mwiba. Mwalimu Ezironi alisema neno moja, "Mfuasi." Akaniongezea mchuzi kwa mkono wake. Nimepata vyeti kadhaa maishani, kimoja kutoka ng'ambo, chenye muhuri mwekundu. Hakuna kilichonifikia kama ule mchuzi.

Siku ya soko iliyofuata, koplo alinikuta Bwera amebeba begani kitu kilichofungwa kwa gunia. Alisema kimebaki hiki kimoja, naye amekiacha mwisho kwa sababu ndicho kibaya zaidi. Sikuuliza ni nini. Nilitembea mbele yake, kifua nje, kama mtu anayeleta bibi harusi, mpaka nikaona anageukia baraza la Mama Kabugho.

Alilivua gunia. Ilikuwa cherehani nyeusi ya mkono, imepakwa mafuta, maua yake ya rangi ya dhahabu yamefutika upande mmoja kwa miaka ya mkono wa mtu. Mama Kabugho alikuwa amekaa na shati magotini. Aliona cherehani, na sindano ikasimama. Najua nilichokiona, kwa kuwa nimekikumbuka mara nyingi: mkono wake wa kulia uliinuka kidogo kutoka gotini, kama unavyoinuka kumpokea mtoto, halafu akaukalia.

"Mama," koplo alisema, kwa sauti ya gwaride, na soko likageuka. "Mimi ni mwizi. Hii cherehani ni yako. Nilikukamata pale kizuizini. Ulikuwa na kahawa ndani ya sanduku ya cherehani, chini, unavusha Zaire. Ulisema unapeleka cherehani kutengeneza. Nilichukua kahawa, nikachukua na cherehani, nikakuachia uende. Niliiba. Naomba msamaha."

Ilikuwa ungamo kamili. Hakuacha hata neno moja. Mwalimu angelia kwa furaha. Katika masomo yetu yote, haikumwingia mtu yeyote kati yetu kwamba makosa mengine yana watu wawili ndani yake, na kwamba ukilitaja lako lote, bila kuficha, unalitaja na la mwenzako ambaye hakuokoka wala hakuombwa ruhusa. Magendo ya kahawa wakati ule hayakuwa jambo la faini. Watu walichukuliwa na gari, na gari lilirudi tupu. Soko likanyamaza namna ambayo soko halinyamazi. Na katika kimya hicho nikasikia mtu anavunja ganda la karanga.

Sajini alipita katikati ya watu bila kumsukuma mtu, kwa kuwa walimpisha. "Koplo," alisema, "mama hii ni mtu ya magendo?"

Mama Kabugho aliwahi kabla koplo hajafungua mdomo. "Afande, mimi sijue hii mutu. Hii cherehani haiko yangu." Aliinua mikono yake miwili, ncha za vidole zimetoboka. "Angalia. Mutu mwenye cherehani atashona na sindano?"

Sajini aliiangalia mikono. Kisha akaizunguka cherehani, akagonga ubao wake wa chini kwa kidole. "Hii ilikuja kambini bila kifuniko," alisema. "Nakumbuka. Kama ni yako, kifuniko iko ndani." Akainama, akaingia mlangoni. Koplo alimfuata kwa kuwa alikuwa askari, nami nilimfuata koplo kwa kuwa nilikuwa baba yake wa kiroho.

Kilikuwa chumba kimoja chenye pazia katikati. Upande huu kitanda, kamba ya nguo, sufuria tatu, na harufu ya mafuta ya taa. Biira alikuwa amekaa sakafuni akichambua maharage, na hakuinua uso. Kwenye kona, kuku mwekundu alikuwa akiatamia mayai ndani ya chombo cha mbao kilichojaa majani ya migomba makavu. Sajini alivuruga nguo kwenye kamba. Aliangalia chini ya kitanda, akapindua godoro. Aliinama juu ya kuku, na kuku akamdonoa mkononi, na sajini akacheka, akampa karanga moja. Hapo ndipo nilipoona kwamba chombo kile kilikuwa na mgongo wa mviringo na hakikukaa sawa sakafuni, na kwamba ukingoni, kati ya majani, paling'aa kufuli dogo la shaba. Nilimwangalia koplo. Alikuwa amekiona kabla yangu. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa furaha ya mtu aliyepata ushahidi kwamba anasema kweli.

"Afande," alianza kumwambia sajini, "ile kifuniko..."

"Nyamaza," nilisema.

Sikujua kama nilisema kwa sauti. Sajini aligeuka. Koplo alinitazama mimi, si sajini, akisubiri, kama alivyosubiri siku ya beseni. Nami, niliyemfundisha kutaja lote bila kuficha, nilimwambia kwa meno yaliyofungwa, "Nyamaza, ndugu. Ni amri." Mdomo wake ukafunga. Niliusikia ukijifunga, kama droo.

Biira aliendelea kuchambua maharage. Kutoka mlangoni Mama Kabugho akasema kwa uchovu mkubwa, "Afande, mwongo ni huyu mutoto wa dini. Anakuja hapa kila soko, anafukuza wateja, sasa ameharibu na akili ya askari wenu. Mama yake angezaa mbuzi ingekuwa afadhali, tungekula." Watu nje wakacheka. Lilikuwa cheko la watu walioogopa, lilitoka kubwa kuliko mzaha wenyewe, na sajini, aliyekuwa amenirushia maganda tangu mwaka uanze, alicheka nao. Kicheko hicho kilitunusuru wote wanne. Sajini alitoka nje akatema mate, akamwambia koplo abebe takataka yake arudi kambini. Tukiwa tunatoka nilimnong'oneza mfuasi wangu maneno ya mwisho niliyomfundisha: "Rudi nayo. Usiirudishe, wala usimwambie mtu neno, mpaka nikuambie." Aliitikia kwa kichwa. Mama Kabugho alinisindikiza na ndoo, na safari hiyo hayakuwa maji ya sombe.

Mwanamke ambaye hakuokoka alituokoa kwa uongo, na mimi nilimfunga mdomo mtu pekee aliyekuwa akifanya nilichofundisha. Nimeandika makala nyingi kuhusu mambo madogo kuliko hilo. Siku ile sikuandika kitu. Nilirudi Kasese kwa lori. Sikuhofia tena kwamba nimeshindwa kupata mfuasi. Nilihofia kwamba ninaye. Mtu yule angefanya lolote nitakalosema, na mimi nilikuwa sijui la kusema.

Jumatatu nilisimama mezani. Ngege walikuwa wakikaangwa. Mwalimu aliuliza, "Bwambale, mtoto wako?" Habari za Bwera hazikuwa zimefika, au zilifika zikiwa zimebadilika. Ningeweza kueleza. Mwalimu alikuwa mtu mgumu, lakini alikuwa na kovu mguuni, huenda angeelewa. Badala yake nilisema, "Amerudi nyuma." Kwetu hayo yalikuwa maneno mawili ya kumzika mtu. Mwalimu alifumba macho. Masereka, na hili sitamsamehe, alilia kwa kweli. Waliomba kwa ajili ya koplo, na baada ya hapo, kwa desturi yetu, hakuna aliyemsalimu. Alikuja ibada Jumapili mbili. Aliketi benchi la nyuma, na benchi likabaki lake peke yake. Mimi niliimba nikiangalia mbele. Hakumwuliza mtu kitu. Nilikuwa nimemwambia asiseme. Juma lililofuata matokeo yangu yalitoka, na niliondoka Kasese kwa gari la kwanza, nikaenda Kampala, kisha ng'ambo, na mahali fulani njiani, bila siku maalumu, nikaacha kusali.

Basi nilifika Bwera kuzika nikiwa na mvi, miwani na viatu visivyofaa tope. Jeneza lilikuwa limekwisha teremshwa. Biira, mwanamke wa karibu miaka hamsini sasa, mwenye sauti ya mama yake, alinitazama kutoka juu hadi chini akasema, "Bado hujafa vibaya." Akanielekeza mahali pa kuketi. Wanawake walikuwa wakigawa obundu, ule ugali wetu wa muhogo, na sombe. Nilikuwa nimeinua tonge la kwanza nilipomwona mzee mrefu, masikio madogo kuliko kichwa, akiingia uani polepole, na begani mwake kitu kilichofungwa kwa gunia.

Alikuja moja kwa moja kwangu. Watu waligeuka. Aliweka mzigo chini, akanyoosha mgongo kwa taabu, akasimama wima.

"Afande," alisema Koplo Onzima. "Nilisikia tangazo. Nikajua utakuja."

Aliketi, nikamsikiliza. Serikali ile ya kijeshi ilipoanguka alikimbia na cherehani hadi Zaire, akarudi nayo kwao, akahama nayo Karusandara, ambako analima pamba na kuongoza kanisa dogo la nyasi. Mke wake aliomba kushona mara nyingi, hata nepi za watoto wao. "Nikamwambia hapana. Iko ya mtu." Kila mwaka aliipaka mafuta. Aliniulizia kwa Mwalimu Ezironi kabla Mwalimu hajafa, akaambiwa bila salamu kwamba niko Kampala. Akauliza tena, akaambiwa niko Ulaya. Mama Kabugho mwenyewe alipita mbele yake sokoni mara nyingi, na koplo akageuza uso. "Ulisema mpaka uniambie," alisema. "Sasa nimekuja kuuliza. Naweza kurudisha?"

Tonge lilikuwa bado mkononi mwangu. "Rudisha," nilisema.

Alinyanyuka, akambebea Biira ile cherehani hadi mlangoni, akalivua gunia. Alifungua mdomo. Biira akainua kiganja. "Weka hapo," alisema. "Usihubiri." Alikwenda nyuma ya pazia, na ikasikika kuku akilalamika, kisha akarudi na kifuniko cha mbao, akikung'uta majani. Alikiinamisha juu ya cherehani. Kilikataa kidogo upande wa kushoto, kwa kuwa mbao huvimba, akakipiga ngumi, kikakaa. Kufuli la shaba likalia. Kwa muda aliacha mkono wake pale juu. "Nendeni mkale," alisema, bila kutuangalia.

Tuliketi benchi moja. Koplo alinawa, akasali kwa ufupi, akala kwa hamu ya mtu aliyetua mzigo. Ningeweza kuliacha hapo. Mwandishi mzuri angeliacha hapo. Lakini alisema, akichovya tonge, "Na wale ndugu walisema mimi nimerudi nyuma. Hawakunisalimu mpaka Mwalimu anakufa. Nilijua ni wewe uliwaambia. Nikasema, sawa, ni sehemu ya amri. Afande ananificha, ili sajini asijue niko na dini." Alitabasamu. "Ulikuwa na akili."

Somo la kwanza, wino wa bluu, mistari miwili chini yake. Wanawake walikuwa wakipita na sombe, na karibu watu ishirini walikuwa wametuzunguka, wakitafuna.

"Haikuwa amri," nilisema. "Nilikuogopa. Nilitaka uondoke kwangu, ndipo nikawaambia umerudi nyuma. Ilikuwa uongo, na nilijua ni uongo."

Tonge lake lilisimama katikati ya njia. Alilirudisha kwenye sahani, akalipanga vizuri kando ya mengine, kama alivyonyoosha mikunjo ya suruali siku ile. Nilimngojea aseme jambo lolote, hata la mbuzi.

Alinyamaza. Safari hiyo hakuna aliyemwamuru.